Picha Kumi na Mbili za Zamu ya Jioni

Programu ya mazishi ya Mzee Gatheru ilikuwa na picha nzuri mno kwenye jalada, na kabla sijasoma hata alizaliwa mwaka gani nilikuwa nimeigeuza mbele na nyuma nikitafuta jina la aliyeipiga. Mzee alikuwa amekaa mahali penye moshi, mfupa wa mbuzi mkononi, amefumba macho, na usoni alikuwa na furaha ya mlafi anayedhani hakuna mtu anayemtazama. Mimi mwenyewe nilimpiga picha mzee huyo mara nyingi, kwa mwanga mzuri, amevaa koti lake la kanisani, na hakuna hata moja iliyompata hivyo. Watu walikuwa wanaimba, mchungaji amefunga macho, mjane analia polepole, na mimi nimesimama chini ya hema nikionea wivu picha ya marehemu. Mwenye wivu ajinyonge, watu husema, lakini hawasemi afanye hivyo kwenye mazishi ya nani. Jina la mpiga picha halikuwepo. Hata hivyo nililijua. Nilinyoosha shingo, na upande wa pili wa kaburi nikamwona Atieno, ambaye nilikuwa nimesikia ana hoteli ya nyama choma kule Kamakis. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na minane.

Sitaanza na kwetu, wala na babu yangu, wala na shule niliyosoma. Nitaanza na bafu la Mzee Gatheru huko Ruiru, kwa sababu ndimo nilimojifunza kazi inayonilisha mpaka leo, na ndimo nilimojijua mimi ni mtu wa aina gani. Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifanya kazi kwenye studio yake mjini Thika, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo wateja wetu wote walitoka kwenye picha wamekunja pua kidogo. Studio yenyewe ilikuwa inakufa. Simu za kamera zilikuwa zimeingia, maduka ya picha za rangi yalikuwa na mashine, na chumba cha giza cha mzee kilikuwa kimegawanywa kwa mbao na kupewa msusi wa nywele. Vifaa vya picha nyeusi na nyeupe alikuwa amevihamishia nyumbani. Dirisha la bafu alilifunika kwa kadibodi na blanketi kuukuu, akaweka bulbu nyekundu, na beseni tatu juu ya ubao uliolala kati ya sinki na ukuta. Kila Jumamosi mchana mkewe, Mama Waithera, alinyimwa ruhusa ya kuoga kwake mwenyewe. Alikuwa akipita nje ya mlango akisema kwa sauti, ili tusikie, kwamba yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na bafu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Filamu unaitoa gizani na kuivingirisha kwenye gurudumu la plastiki, unaitia ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, tulilokuwa tukiliita tanki, kisha ukishafunga kifuniko unaweza kuwasha taa. Unamwaga dawa ya kwanza, ambayo huita picha. Unasuuza. Unamwaga dawa ya pili, ambayo huikaza picha na kuondoa kila kitu ambacho dawa ya kwanza haikukigusa. Sasa, mtu akikosea akaanza na ya pili, itaondoa vyote, kwa kuwa hakuna kilichoguswa, na filamu itatoka nyeupe kama plastiki ya kufungia mkate. Chupa zetu mbili zilikuwa za kahawia na zinafanana. Mzee hakuandika kitu juu yake kwa sababu karatasi ililowa na kubanduka. Alizifunga shingoni vipande vya blada, ule mpira wa ndani wa baiskeli: kipande kimoja ni dawa ya kwanza, viwili ni ya pili. "Macho yatakudanganya, mami," aliniambia siku ya kwanza. "Vidole haviwezi." Mimi nilikuwa na njia yangu nyingine. Dawa ya pili hunuka siki, na pua yangu ni kali. Mama Waithera alikuwa akinituma nikanuse maziwa kama yamechacha.

Atieno alikuja studio mwezi wa pili, kupigwa picha ya pasipoti ya kuombea kazi. Aliishi Makongeni na mamake, ambaye alikuwa akishona magunia kwenye kiwanda kimoja hapo Thika, zamu ya jioni. Aliketi kwenye stuli, akaangalia huku na huku, akamwuliza mzee, "Lakini kwa nini hii stuli mmeiweka mbali na dirisha?" Nilitaka kumjibu. Mzee alisimama, akaiburuta stuli mpaka karibu na dirisha, akapiga, na nilipoiona picha hiyo nikaelewa kwamba mwaka mzima nilikuwa nimepiga watu wenye nyuso za sahani. Wiki iliyofuata Atieno alirudi bila haja yoyote. Iliyofuata alikuwa anasaidia kukata picha. Kufikia Pasaka alikuwa ndani ya bafu letu siku ya Jumamosi, bega lake likigusa bega langu, anauliza maswali, anacheka, anamwangusha mzee kwa kicheko. Nami nilimpenda, hilo lazima niliseme. Hakuna aliyekuwa akinichekesha zaidi yake. Wivu haukai mahali pasipo na mapenzi. Nani aliwahi kumwonea wivu mtu asiyemjali?

Mzee alikuwa na kamera moja ya zamani yenye macho mawili, moja juu ya jingine. Kamera hiyo huiweki usoni. Huning'inia kifuani, na wewe unainamisha kichwa na kutazama ndani yake kutoka juu, kwenye kioo kidogo. Huchukua picha kumi na mbili kwa roli moja, basi. Mtu akipigwa na kamera ya kawaida hukakamaa kwa sababu ameelekezewa kitu usoni, lakini mbele ya hii humwona mtu ameinama, kama anayetafuta shilingi chini, naye hujisahau. Mzee alisema atakapofunga studio mwisho wa mwaka, kamera hiyo ataiacha kwa mmoja wetu. Hakusema nani. Mimi sikuona la kuuliza. Nani alikuwa amesugua beseni hizo? Nani alikuwa amefungua studio asubuhi mzee akiwa kliniki kwa magonjwa ambayo daktari hakuyaona?

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Nilikuwa bafuni peke yangu, gizani, filamu mkononi. Atieno alikuwa ametumwa maziwa. Sebuleni nilisikia Mama Waithera akichambua maharagwe, yanaanguka kwenye sufuria, na akauliza, "Kwani kati ya hawa wasichana wako, nani ndiye fundi?"

"Nyambura ni mtu wa bidii," mzee akasema.

Maharagwe yakaendelea kuanguka. "Na huyu wa Makongeni?"

"Ai, huyo hata yeye mwenyewe hajijui. Huyo ana jicho."

"Lakini si Nyambura ndiye amekaa na sisi?"

"Kukaa sio kuona."

Nilisimama pale, mikono imeshika filamu, na siwezi kukuambia ilichukua muda gani. Bidii ni neno analoambiwa mtoto aliyefeli hesabu. Nilimaliza kuvingirisha, nikafunga tanki, nikaosha roli hiyo bila kosa hata moja. Atieno aliporudi tulikaa mezani tukala githeri na parachichi, na mzee akamgawia nusu ya parachichi lake, jambo ambalo kwangu hakuwahi kulifanya. Alikuwa mchoyo sana wa parachichi. Nililitazama lile parachichi likiingia kinywani mwa Atieno, na roho iliniuma kweli kweli. Sasa nina umri wa kuona kwamba mzee alikuwa anagawa tunda tu. Wakati ule niliona urithi.

Mwezi wa kumi mzee alitoa uamuzi wake. Kila mmoja wetu angepewa kamera hiyo kwa wiki moja, na roli moja. Angepiga, angeosha mwenyewe, angemletea. "Mwenye roli nzuri ndiye atabaki nayo," alisema. Mimi nilianza. Nilipiga maporomoko ya Chania, nikapiga mibuni ya kahawa ikiwa na umande, nikapiga daraja. Zote zilitoka wazi, mistari imenyooka. Mzee alizitazama moja moja, akasema, "Hizi ni safi." Nilijua safi maana yake nini. Ilikuwa ni bidii iliyovaa nguo nyingine.

Atieno yeye alienda kiwandani kwa mamake. Kiwanda kilikuwa kinapunguza watu, na zamu yote ya jioni, wanawake kumi na mmoja, ilikuwa inaachishwa mwisho wa mwezi. Wengine walikuwa wanarudi kwao, Siaya, Kakamega, Busia. Mlinzi aliwaruhusu wasimame ukutani nje ya geti kabla ya kuingia kazini, na Atieno akawapiga: picha moja kwa kila mwanamke, na ya kumi na mbili wakiwa wote pamoja. Mchana mmoja wa wiki hiyo, kabla mamake hajaenda zamu, nilikula kwao Makongeni, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, ugali na omena zilizokaangwa kwa nyanya nyingi, na mamake hakuwa na habari nyingine. "Mama Nekesa alikuja na mkufu wa harusi," alisema. "Ameufunga kwa leso miaka yote. Wengine walipaka mafuta mpaka unajiona usoni mwao. Maisha yetu yote picha ni ya kitambulisho tu, na hiyo unatoka kama mwizi." Aliniongezea omena bila kuniuliza. "Kula, nyathina," alisema, mwanangu kwa Kijaluo, na akaniambia kwamba Atieno amemwahidi kila mmoja wao nakala yake kabla hawajatawanyika. Nilimwuliza Atieno kama mwanga ulikuwa mzuri. Akafikiria. "Sijui mwanga," akasema. "Walikuwa tu wamesimama hivyo, nikaona nikingoja kidogo watasahau kusimama." Nilikula omena zangu. Nilijua, bila kuona hata picha moja, kwamba nimeshindwa.

Jumamosi hiyo asubuhi, nikipanga bafu, kipande kimoja cha blada cha chupa ya pili kilikatika mkononi mwangu. Kilikuwa kimezeeka. Kwa hiyo chupa zote mbili zikabaki na kipande kimoja kimoja. Nilijiambia nitakata kingine, nikaitwa nje kuanua nguo, nikasahau. Ninaapa hapo nilisahau. Atieno alifika saa nane, homa ya mafua imemshika, macho mekundu, pua imeziba kabisa. Alivingirisha filamu gizani, akafunga tanki, akawasha taa. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika saa. Akanyoosha mkono kwenye ubao huku ananielezea jinsi mlinzi naye alivyotaka kupigwa picha, akapapasa shingo ya chupa, akahisi kipande kimoja, akafungua.

Siki ilinifikia mara moja.

Aliishika hiyo chupa wakati wote akimalizia hadithi ya mlinzi. Alicheka, akapenga kamasi kwa tishu, akaniuliza, "Uko tayari na saa?" Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza hata kukohoa. Nikasema, "Niko tayari." Akamwaga.

Filamu ilipotoka, hakulia. Aliiinua kwenye bulbu na kuigeuzageuza, akidhani ameshika upande usio wenyewe. Mzee aliitwa, akaipeleka sebuleni dirishani, akaivuta kati ya vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hata namba ndogo za kiwanda, zile huja pembeni mwa kila filamu, hazikuwepo. "Umeanza na dawa ya pili," akamwambia. Atieno akasema haiwezekani, alishika blada moja. Mzee akaenda bafuni, akarudi na chupa zote mbili, akaonyesha: kila moja ilikuwa na blada moja. Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe, mami, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nashika saa," nikasema.

Hakuuliza zaidi. Mama Waithera alileta chai na mandazi, tukanywa wote wanne, na Atieno akaendelea kufuta pua na kusema, "Ningeangalia. Kwani ningeumia nini nikiangalia." Nilimsindikiza mpaka Makongeni kwa sababu aliniomba, hakutaka kumwambia mamake akiwa peke yake. Mama alikuwa anapiga pasi sare ya kiwanda, siku chache kabla ya kuirudisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka pasi wima. "Basi," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini tulipendeza." Halafu akaanza kututengenezea chai, na mimi nikainywa hiyo pia. Zamu ilitawanyika wiki iliyofuata. Atieno alikwenda kituo cha mabasi kuwaaga walioondoka, na kila mmoja, aliniambia, alimwuliza kuhusu picha yake, kwa upole, kama mtu anayeogopa kudai.

Mwezi wa kumi na mbili mzee alifunga studio na kunipa kamera. Alinipa mkononi, bila hotuba. "Atieno hana roli," alisema tu. Atieno ndiye aliyebeba mkoba wangu siku hiyo mpaka stejini, na akanikumbatia kwa moyo mmoja, na mwaka mpya ulipoanza akawa haji tena Ruiru. Nilisikia ameajiriwa hotelini, nilisikia ameolewa, nilisikia Kamakis. Mimi niliendelea. Nilipiga harusi, ruracio za kupeleka mahari, mahafali ya wanafunzi wa Kahawa Sukari. Siku hizi vijana wamerudia filamu, wanakuja kwangu na kamera walizozikuta kwenye masanduku ya babu zao, wananiita mwalimu, na bafu langu la Ruiru linajaa kila Jumamosi. Nikiwafundisha huwaambia waandike kwenye chupa kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa. Wananiona mtu makini. Na kila picha nzuri niliyoipiga kwa kamera ile kwa miaka hiyo yote, nilijiuliza yeye angeipiga vipi, na karibu kila mara nilijua jibu.

Baada ya kumzika mzee tulipanga foleni ya chakula, wali, viazi na minji, mukimo, nyama. Atieno alikuja na sahani yake akaketi kando yangu kwenye viti vya plastiki. "Nyambu," akasema. "Umekataa kuzeeka." Nilimwuliza kuhusu ile picha ya jalada. Akasema mzee alikuwa akija kwake Kamakis kila mwisho wa mwezi kula mbavu, daktari amemkataza, na siku moja yeye akachomoa simu tu. Simu. Nilikuwa na kamera ya mzee kifuani, nimeileta kwa heshima yake, nimepiga picha nane za mazishi, na hakuna hata moja ingelifikia jalada hilo. Nikaangalia mukimo wangu. Sikuwa nimepanga kusema kitu.

"Ile siku ya filamu yako," nikasema, "nilisikia harufu."

"Harufu ya nini?"

"Siki. Ulipofungua chupa. Na ile blada nilijua imekatika, ilikatikia mikononi mwangu."

Akaweka kijiko kwenye sahani. Nyuma yetu mtu alikuwa anaita watu wa maji ya kunawa. "Ulisikia kabla sijamwaga," akauliza, "ama baada?"

Hakuna shahidi duniani angenipinga. Mzee alikuwa ardhini, bafu lile lilikuwa limebomolewa zamani.

"Kabla," nikasema.

"Mama alikufa akiniita kichwa cha kuku," akasema. "Sio kwa ubaya. Alikuwa anacheka, anaambia wageni, huyu wangu ana macho lakini kichwa ni cha kuku. Na mimi nikakubali. Ndio maana niliwacha, Nyambu. Nilisema mtu mwenye anaweza fanyia mamake hivyo, asishike kitu cha mtu mwingine tena." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo kamera."

Ndipo nilipogundua kwamba nimeishika kwa mikono yote miwili. Nilichelewa kuiachilia, na yeye akaona kwamba ninachelewa, na akangoja. "Imebaki ngapi?" akauliza. Nikamwambia nne. Akajivisha mkanda shingoni, akaenda nyuma ya nyumba ambako akina mama walikuwa wanasugua masufuria makubwa kwa majivu, sketi wamezikusanya magotini, wakisengenya. Akainamisha kichwa. Nilimwona akingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningengoja. Alipomaliza alirudi, akaivingirisha roli mpaka mwisho, akaniwekea kamera mapajani.

"Utaosha wewe," akasema. "Jumamosi saa nne nitakuja kwako niangalie."

"Atieno, nisamehe."

"Nitakuja Jumamosi," akasema, akaenda kumtafuta Mama Waithera.

Leo ni Ijumaa. Niliiosha jana mchana, peke yangu, na sasa imekauka. Picha zangu nane zimetoka safi. Nne zake zimetoka pia. Kuna mama mmoja amegeuka katikati ya kicheko, povu limemfika kwenye viwiko, na huwezi kuacha kumtazama. Tangu asubuhi nimezikagua kwa lenzi nikitafuta kosa, na sijaliona. Roho inaniuma vilevile kama zamani. Kesho saa nne nitamfungulia mlango na kumwonyesha.